Daktari wa Nini?

Kila daktari kijana nchini Tanzania huulizwa swali moja sehemu mbili. Nyumbani huulizwa na mjomba, kwenye sherehe ya kuhitimu au hata msibani, pale anaposogeza kiti na kusema, "Sasa wewe ni daktari wa nini?" Ukijibu kwamba ni daktari tu, utaona uso wake ukipoa kidogo, kwa sababu katika lugha yetu neno bingwa limebeba kombe la mpira ndani yake, na asiye bingwa wa chochote ni kama timu iliyoishia makundi. Wodini huulizwa na bosi, mwisho wa raundi kuu, bosi anapovua glovu na kumgeukia mtarajali, yaani daktari mpya aliye kwenye mwaka wa mafunzo kazini, aliyebeba mafaili: "Na wewe unafikiria kusomea nini?" Hapo jibu hutegemea wodi. Nimemsikia mtarajali mmoja akisema upasuaji mwezi Januari, watoto mwezi Aprili na uzazi mwezi Agosti, na mara zote tatu alisema bila kupepesa macho. Simcheki, maana nami nilifanya vivyo hivyo. Anayekujazia fomu ya tathmini hataki kusikia kwamba moyo wako uko idara ya jirani.

Jibu tunalolitoa hadharani, kwenye barua za maombi na mbele ya jopo la usaili, ni wito. Tunasema tulivutwa na watoto tangu utotoni, au kwamba bibi alifariki kwa shinikizo la damu na ndipo tukaamua kusomea magonjwa ya ndani. Sikatai kwamba wito upo. Ninachodai ni kwamba kwa madaktari wetu wengi wito hufika ukiwa umechelewa, ukaupamba uamuzi uliokwisha kufanywa na mambo mengine: milango ambayo daktari alionyeshwa akiwa mwanafunzi, mtu atakayelipa ada, na mwajiri atakayekubali kumwachia. Ndiyo maana tunapolalamika kuwa vijana hawataki kusomea magonjwa ya akili, patholojia, yaani uchunguzi wa magonjwa maabara, au usingizi, yaani kuwalaza na kuwatia ganzi wagonjwa wa upasuaji, tunawalaumu kwa uchaguzi ambao wengi wao hawakuwahi kuwekewa mezani.

Tuanze na milango. Shahada ya udaktari Tanzania ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali. Kenya shahada yenyewe huchukua miaka 6. Katika miaka yote hiyo, wodi nne kubwa, yaani magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi pamoja na magonjwa ya wanawake, ndizo zinazokula muda mwingi, na mwaka wa utarajali umejengwa juu ya hizo hizo nne. Radiolojia, fani ya eksirei na picha nyingine za mwili, mwanafunzi huipitia kama mtu anayepita dukani kuuliza bei. Patholojia huiacha nyuma na mitihani ya miaka ya mwanzo, asiione tena isipokuwa kwenye karatasi ya majibu ya maabara. Macho, pamoja na masikio, pua na koo, hupewa wiki chache. Matokeo yake, kijana aliyekaa miaka sita hospitalini anafika siku ya kujaza fomu ya ubingwa akiwa anazifahamu kwa karibu fani nne tu, halafu sisi tunashangaa kwamba kati ya fani zaidi ya ishirini amechagua mojawapo ya hizo nne.

Nina mfano wa karibu kuliko takwimu. Nilikuwa mtarajali, nikiwa kwenye miezi ya uzazi, katika hospitali moja ya rufaa ambayo sitaitaja. Saa tisa usiku aliletwa mama ambaye uchungu wake ulikuwa umekwama na mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka. Haikuchukua muda chumba cha upasuaji kikawa tayari: taa imewashwa, seti imefunguliwa, daktari amenawa na kuvaa, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayesali. Aliyekosekana alikuwa mmoja tu. Muuguzi wa usingizi, ambaye wiki ile alikuwa peke yake kwa hospitali nzima, alikuwa ameitwa kutoka nyumbani, na bodaboda iliyotumwa kumchukua ilikuwa haijarudi. Tulisimama tukingoja. Nakumbuka muungurumo wa mashine ya kufyonza ambayo hakuna aliyejisumbua kuizima, na mkunga aliyekuwa akimfuta mama jasho kwa shashi huku akimwambia, "Bado kidogo tu, mama." Muuguzi alipofika alimkalisha mama, akampapasa mgongo kwa kidole gumba kutafuta nafasi kati ya pingili, akachoma sindano mara moja, na muda si mrefu mtoto akalia. Asubuhi kwenye ripoti tulimsifu aliyepasua. Mimi mwenyewe nilitoka mle ndani nikiwa nimeapa kuwa nitakuwa daktari wa uzazi, na haikunipitia akilini hata kidogo kujiuliza kwa nini mtu tuliyemngoja usiku ule, aliyeshikilia uhai wa watu wawili, hakuwa daktari, wala kwa nini katika mwaka mzima ule hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ningeweza kuwa yeye.

Shirikisho la kimataifa la vyama vya wataalamu wa usingizi linapendekeza angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Atakayepiga hesabu hiyo kwenye kikokotoo cha simu ataona kwamba nchi ingehitaji zaidi ya madaktari 3,000 wa usingizi, na yeyote anayefanya kazi katika hospitali zetu anajua tuko mbali kiasi gani na idadi hiyo. Kazi imebebwa na wauguzi na maofisa tabibu waliopewa mafunzo ya nusukaputi na ganzi, na wengi wao wanaifanya kwa ustadi mkubwa. Lakini daktari mwanafunzi huvutwa na daktari mwenzake. Akikosa kumwona bingwa wa fani fulani akifundisha, akibishana, akinunua gari na akiheshimiwa na wenzake, fani hiyo kwake haipo, hata ikiandikwa kwa wino mzito kwenye orodha ya vyuo.

Historia ya karibuni inaonyesha kwamba mlango ukifunguliwa watu huingia. Kabla ya mwaka 2010 hapakuwa na mafunzo ya ubingwa wa tiba ya dharura nchini, na katika hospitali nyingi mapokezi palikuwa mahali pa kumtupia daktari mdogo kuliko wote. Mwaka huo Muhimbili ikafungua idara kamili ya dharura na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kikaanza kuwafundisha mabingwa wa fani hiyo. Leo utakutana na vijana wanaokuambia kwa macho yanayong'aa kwamba dharura ndiyo wito wao wa tangu zamani. Inawezekana kweli, ila wangezaliwa miaka kumi na tano mapema wito huo ungekosa jina. Ndivyo ilivyokuwa pia Moshi, ambako kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilianzishwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1992 na kikaanza kuvuta wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika kwenye fani ambayo kabla ya hapo wengi waliiona kama kazi ya kuandika krimu.

Magonjwa ya akili yana mzigo wa ziada. Jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma, limegeuka tusi la mtaani. Mtoto akifanya ukorofi anaambiwa atapelekwa Mirembe, na Nairobi wana Mathari yao kwa kazi hiyo hiyo. Daktari anayetangaza kwamba anakwenda kusomea fani hiyo hutaniwa na wenzake kwamba ameanza kufanana na wagonjwa, na mama yake mzazi huuliza kwa sauti ya chini kama amekosa nafasi kwingine. Utani huo unaonekana mdogo. Kwa kijana wa miaka 28 ambaye ukoo mzima ulichanga ili asome, si mdogo hata kidogo.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu hapa ndipo mazungumzo ya wito hukatika ghafla. Marekani, daktari anayesomea ubingwa ni mfanyakazi anayelipwa mshahara, na sehemu kubwa ya gharama za mafunzo yake hubebwa na Medicare, bima ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1965. Kwetu, anayesomea shahada ya uzamili ya tiba ni mwanafunzi anayelipa ada ya chuo huku akishika zamu za usiku, akifanya upasuaji na akiongoza raundi katika hospitali ambayo bila yeye ingefunga milango wiki hiyo hiyo. Kenya nako wapo wanaojilipia ada na kushika zamu bila malipo, nao wamelalamika kwa miaka. Aliyeajiriwa serikalini, akishathibitishwa kazini na akapewa ruhusa ya mwajiri, huenda masomoni huku mshahara wake ukiendelea, na huyo ana ahueni. Asiye na ajira, na siku hizi wapo wengi wanaojitolea hospitalini wakisubiri tangazo la ajira serikalini, hana pa kuanzia kama hana mzazi mwenye uwezo. Bodi ya Mikopo kwa sehemu kubwa huwahudumia wa shahada ya kwanza, na aliyeajiriwa tayari hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kulipa mkopo uliomsomesha udaktari.

Kwa hiyo swali la "nisomee nini" hugeuka kuwa "nani ananilipia, na anataka nisomee nini?" Mkurugenzi wa halmashauri mwenye madaktari watatu hawezi kumwachia mmoja kwa miaka mitatu au minne kwa moyo mweupe, na akimwachia atapenda arudi akiwa daktari wa uzazi au wa upasuaji, kwa sababu hao ndio wenye kazi inayoonekana katika hospitali ya wilaya. Hospitali ya kanda nayo ina mahitaji yake. Ufadhili wa serikali kwa masomo ya ubingwa na ubingwa bobezi, yaani ngazi ya juu zaidi ya ubingwa, huu uliopewa jina la Rais Samia, umewatoa wengi waliokwama, na nadhani ndiyo nyenzo kubwa kuliko zote iliyopo mikononi mwa Wizara ya Afya kwa sasa. Yeyote anayeshika kalamu ya kupanga nafasi hizo kwa fani anaamua sura ya hospitali zetu za miaka ishirini ijayo kuliko hotuba yoyote ya mahafali.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni kuiga utaratibu wa Wamarekani wa kuwapanga wanafunzi kwenye nafasi za mafunzo ya ubingwa, na hoja yao inastahili kusikilizwa. Katika miaka ya 1940 hospitali za huko ziliwavizia wanafunzi hadi kuwapa mikataba miaka miwili kabla hawajahitimu, na baadhi walipewa saa chache tu za kujibu. Mwaka 1952 ukaanzishwa mfumo wa kitaifa: mwanafunzi anaziorodhesha programu kwa kadiri anavyozipenda, programu nazo zinawaorodhesha wanafunzi, kisha hesabu inawapatanisha na majibu yanatangazwa kwa siku moja mwezi Machi. Alvin Roth aliusanifu upya mfumo huo miaka ya 1990, na mwaka 2012 yeye na Lloyd Shapley wakapewa Nobel ya uchumi. Ni mfumo wa haki kuliko wetu, ambao kila chuo hupokea maombi kivyake. Lakini mfumo huo hupanga mapenzi yaliyopo, hauyazalishi. Mwaka 2021 ilitolewa ripoti ya madaktari wa dharura wa Marekani iliyotabiri kwamba ifikapo mwaka 2030 wataalamu wa fani hiyo watakuwa wengi kuliko kazi. Nafasi za mafunzo zilizobaki wazi kwenye fani hiyo, ambazo mwaka ule wa 2021 zilikuwa 14 tu, zikafika 219 mwaka 2022 na 554 mwaka 2023. Hesabu za kupanga hazikubadilika. Wanafunzi walisikia mlango unakaribia kufungwa, wakageuza njia, na sina shaka wengi wao waligundua wito mpya katika muda huo mfupi.

Akishajua fani na mlipaji, daktari hubakiwa na uchaguzi wa chuo, na hapa naona vijana wakifanya kosa ambalo lingeepukika. Wanachagua jina. Muhimbili ina wagonjwa wa kila aina na mabingwa bobezi wa kila kiungo, lakini wingi huo una upande wake wa pili: panapokuwa na bingwa bobezi, na chini yake wanafunzi wa ubingwa bobezi, na chini yao wanafunzi wa ubingwa wa mwaka wa tatu, wewe wa mwaka wa kwanza unaweza kumaliza miezi sita ukishika vifaa vya kuvuta jeraha na kuandika ripoti. Moshi, Mwanza au Dodoma unaweza kupasua mapema zaidi, ukakosa kuona baadhi ya magonjwa adimu. Sina jibu la wote. Nina ushauri mmoja tu kwa anayekwenda kwenye fani za upasuaji: asiulize ukubwa wa chuo, aombe aonyeshwe daftari la kumbukumbu za upasuaji la mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Humo, safu ya "nilisaidia" na safu ya "nilifanya mwenyewe" zimekaa ubavu kwa ubavu, na tofauti kati yake ni habari ya kweli kuliko tovuti yoyote. Kisha amuulize mwenye daftari tasnifu yake imefika wapi. Ipo idara ambayo wanafunzi wake hukamilisha mafunzo ya kitabibu kwa wakati halafu wakakaa mwaka mwingine wakingoja sahihi ya msimamizi, na ada haingoji nao.

Njia nyingine, ambayo nadhani inazungumzwa kidogo kuliko inavyostahili, ni ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha. Huko daktari hahamii chuo kikuu. Anabaki mwajiriwa wa hospitali iliyokaguliwa na kuidhinishwa, anafundishwa na mabingwa wa pale pale, anafanya mtihani wa kwanza baada ya miaka 2 na, kwa upasuaji wa jumla, wa mwisho baada ya mingine 3. Ni miaka mingi kuliko ya chuo kikuu, na ubora wa mafunzo unategemea sana ubora wa bosi mmoja au wawili. Bosi akihamishwa, mafunzo yanayumba. Lakini mtu huyo anakula mshahara wake, watoto wake hawahami shule, na wilaya haimpotezi.

Jambo ambalo karibu hakuna anayemwuliza kijana ni atafanyia kazi wapi na kwa kutumia nini. Mshahara wa serikali hautofautishi bingwa wa upasuaji na wa magonjwa ya akili walio daraja moja; tofauti inaanza saa tisa na nusu alasiri, pale wa uzazi, wa mifupa na wa radiolojia wanapokwenda hospitali binafsi na wa patholojia anaporudi nyumbani. Kila mwanafunzi anaijua hesabu hiyo, hata yule aliyeandika barua ndefu ya wito. Asichokijua ni kwamba fani nyingine hufa bila vifaa. Bingwa wa magonjwa ya ndani aliyepangiwa mkoani bado ana masikio yake na stetoskopu. Bingwa wa radiolojia aliyepelekwa penye mashine mbovu amebaki na cheti. Nawajua waliorudi mikoani na ubingwa mpya wakafanya kwa miaka miwili kazi ile ile ya daktari wa kawaida, kwa sababu kifaa kilichoahidiwa kilikuwa bado bandarini au kimefika bila mtu wa kukifunga.

Kwa madaktari wanawake kuna hesabu nyingine ambayo wanaume hatuifanyi. Mtu anaanza ubingwa akiwa na miaka 30 au zaidi, umri ule ule ambao ukoo unaulizia wajukuu, na anaambiwa na bosi, kwa upole mkubwa, kwamba upasuaji ni mgumu kwa mama. Baadhi huacha. Sioni haja ya kurefusha. Bosi huyo amezungukwa na wauguzi wanawake waliolea watoto wanne huku wakishika zamu za usiku maisha yao yote, na hajawahi kuwaambia kwamba kazi ile ni ngumu kwa mama.

Mwaka jana alinijia daktari mmoja wa hospitali ya wilaya ya Kanda ya Ziwa. "Shikamoo, Dokta," akasema, na kabla hajakaa akauliza: watoto au usingizi? Nikamwambia nikimjibu nitakuwa namchagulia mimi. Nilimwomba atumie likizo yake kukaa usiku nne na bingwa wa usingizi ninayemfahamu, asifanye chochote ila kusimama upande wa kichwa cha mgonjwa. Alirudi na daftari dogo alimoandika kila mgonjwa, dawa aliyopewa, na dakika alizochukua kuamka. Alisema kilichomshika ni ule ukimya wa kabla ya kisu, pale chumba kizima kinapomtazama mtu mmoja kusubiri aseme "endeleeni". Lakini swali alilorudi nalo halikuwa la fani tena. Alitaka kujua ada italipwa na nani, na kama mkurugenzi wake atakubali kubaki na madaktari wawili kwa miaka mitatu. La kwanza nilimweleza pa kupeleka maombi na nyaraka za kuambatisha. La pili nilimpa namba ya simu ya mwenzake mmoja aliyewahi kupewa ruhusa na mkurugenzi huyo huyo, aende akamwulize alimwambia mkurugenzi nini.